Ploti, nyumba na wapangaji Mombasa: dalili, visababishi na hatua za kuchukua

Matatizo ya wanaowekeza kwenye ardhi na nyumba Mombasa ni yale yale mwaka hadi mwaka, na mengi yana chanzo kimoja: mnunuzi alikagua karatasi akasahau ardhi, au alikagua ardhi akasahau watu walio juu yake. Pwani vitu hivi vitatu haviendi pamoja kila mara. Hati inaweza kuwa ya mtu mmoja, nyumba ya mwingine, na haki ya kukaa pale ikawa ya mtu wa tatu ambaye jina lake haliko kwenye faili lolote. Dalili zimepangwa hapa chini jinsi watu wanavyozileta, na visababishi vinaanza na kile kinachotokea zaidi. Anza na ukaguzi wa bure au wa bei nafuu. Ule wa ghali una zamu yake.

Bei iko chini mno kuliko ya majirani

Umeonyeshwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita Majengo, Kisauni au Likoni, na bei ni nusu ya ulivyotarajia. Dalali anakwambia mwenyewe ana shida ya haraka. Huenda ni kweli, lakini angalia haya kwanza.

*Nyumba bila ardhi.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza Mombasa, na mgeni wa Pwani ndiye hunaswa zaidi. Aliyejenga anamiliki kuta na paa. Ardhi ni ya mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja kwa mwezi au kwa mwaka. Mwenye nyumba anaweza kuiuza, kuirithisha na kuipangisha, ila udongo hana wa kukuuzia. Benki nayo haina hati ya kuweka rehani. Mwenye ardhi akiuza kwa mtu mwingine, wewe na nyumba yako mnabaki na mwenye ardhi mpya msiyemjua.

Kuigundua ni rahisi. Mwombe muuzaji risiti za kodi ya kiwanja. Akikuonyesha risiti hizo, jibu umelipata: ardhi si yake. Kisha nenda mtaani jioni, watu wakiwa barazani na kahawa, umwulize mzee mmoja kwa adabu: "Shikamoo mzee. Nyumba za safu hii na ardhi yake ni za wenyewe?" Jibu la "nyumba zetu, ardhi ina mwenyewe, kodi tunapeleka kila mwaka" linakuokolea pesa nyingi kuliko ripoti yoyote.

Hii haina maana kwamba nyumba bila ardhi haifai kabisa. Watu wengi wanazinunua na zinawalipa. Ila inunue kama biashara yenye mwisho, si kama mali ya kuwaachia wajukuu. Piga hesabu kodi ya wapangaji irudishe bei yote ndani ya miaka minne au mitano, pata idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi kabla ya kulipa, na usiongeze ghorofa juu ya kiwanja cha mtu.

*Urithi ambao haujagawanywa.* Hati ina jina la marehemu, na anayeuza ni mtoto mkubwa au mjomba. Mtu huyo hana uwezo wa kuuza peke yake, hata kama familia yote inamheshimu. Unachotaka kuona ni hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama, au uamuzi wa Kadhi kwa familia za Kiislamu, pamoja na orodha ya warithi wote na sahihi zao. Hesabu majina. Dada aliyeolewa Lamu au kaka aliye Oman akikosekana kwenye orodha, kesi utaikuta mbele. Muuzaji akiwa hai na ana mke au mume, idhini ya mwenzake iwe kwa maandishi.

*Wakfu.* Ardhi iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, na mkataba wowote juu yake ni karatasi tupu. Ukinunua Mji wa Kale au mitaa ya zamani ya kisiwani, hasa karibu na msikiti, uliza katika Tume ya Wakfu kabla ya kwenda kwa wakili.

*Madeni ya kaunti.* Kodi ya ardhi ya kaunti isiyolipwa hukaa juu ya ploti, haimfuati mtu. Omba taarifa ya deni kwa namba ya ploti. Deni likiwa kubwa, likatwe kwenye bei na kulipwa moja kwa moja kaunti.

*Muuzaji si mwenyewe.* Ni nadra kuliko hayo ya juu, lakini hasara yake ni ya asilimia mia. Linganisha kitambulisho na jina kwenye sachi (taarifa rasmi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mmiliki) herufi kwa herufi. Kampuni ikiwa ndiyo mwenyewe, toa CR12, taarifa ya msajili wa kampuni, uone wakurugenzi wa leo ni kina nani.

Simama hapa kabisa ikiwa muuzaji anakataa kukupa nakala ya hati, au anataka "pesa ya kushikilia" kwa simu kabla ya sachi. Hata akikupunguzia bei papo hapo. Hasa akikupunguzia papo hapo.

Sachi imetoka safi, lakini kwenye ploti kuna mtu

Umetoa sachi, jina ni la muuzaji, hakuna rehani wala kaveti (zuio lililoandikwa dhidi ya hati). Umefika ploti umekuta kibanda, mahindi, au ukuta wa jirani umeingia ndani.

Kwanza hakikisha umesimama kwenye ploti yenyewe. Madalali wa Bamburi na Mtwapa wamewahi kuonyesha watu ploti ya mbele yenye mnazi mzuri na kuwauzia ya nyuma yenye bonde. Namba kama MN/I au MN/II (bara ya kaskazini), MS (bara ya kusini) au Mombasa/Block hazina maana yoyote mpaka mpima mwenye leseni asimame na ramani ya upimaji na kukuonyesha bikoni, yaani alama za mpaka, moja baada ya nyingine. Ploti ya kawaida ina bikoni nne. Ukionyeshwa mbili na kuambiwa nyingine "ziko chini ya mchanga", zifukuliwe ukiwapo. Na kumbuka ukivuka kijito cha Mtwapa uko kaunti ya Kilifi, na ukishuka kusini baada ya Likoni unaingia Kwale: ofisi ni nyingine, na shamba la kilimo linahitaji idhini ya bodi ya ardhi.

Ploti ikiwa ndiyo hiyo, visababishi ni hivi.

*Wakazi wa muda mrefu.* Mzizi wake ni wa zamani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wa Pwani kupeleka madai yao yaandikwe. Waliojua walipata hati. Wengi ambao hawakujua, au walikuwa mbali, ardhi yao ikahesabiwa ya serikali au ya mwingine. Wajukuu wao bado wanaishi pale. Ni moja ya sababu za migogoro mikubwa kama ule wa shamba la Waitiki huko Likoni, ekari 930, ambako serikali iliwapa wakazi hati mwaka 2016.

Upande wa sheria, mtu aliyekaa kwenye ardhi binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Muda huo haukatizwi na mauzo: akiwa na miaka 10 siku unayonunua, wewe umebakiwa na miaka 2. Anayelipa kodi ya kiwanja au aliyepewa ruhusa hesabu yake ni tofauti, kwa sababu amekaa kwa idhini. Kwa hiyo swali la kumwuliza aliyeko pale si "utatoka lini?" Ni "umeanza kukaa hapa mwaka gani, na nani alikuruhusu?" Andika majibu, piga picha minazi na miembe. Mwembe mzee hauna sababu ya kudanganya.

Tiba nyepesi ni muuzaji aondoe watu kwa makubaliano na fidia kabla hujalipa salio, na mkataba useme ploti itakabidhiwa ikiwa tupu. Ukishanunua, mzigo ni wako: kuondoa watu kwenye ardhi binafsi kunahitaji notisi ya maandishi ya angalau miezi 3 kwa njia iliyowekwa na Sheria ya Ardhi. Usilete matingatinga alfajiri. Mahakama ya Mazingira na Ardhi itakusimamisha, na polisi watakuja kwako.

*Ukuta wa jirani.* Mara nyingi ni nusu mita au mita moja, na jirani mwenyewe hajui. Ripoti ya mpima ikiwekwa mezani, wengi huelewana. Ikishindikana, msajili wa ardhi ana uwezo wa kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla ya mahakama.

*Ardhi ya umma iliyopewa hati.* Hapa ndipo sachi safi hukudanganya kabisa. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu ploti ya ufuoni Nyali iliyogawiwa mara ya kwanza 1989. Kaunti ilivunja ukuta 2017 kufungua njia ya kwenda baharini. Mnunuzi alikuwa na hati na alinunua kwa waliokuwa na hati, lakini mahakama ilisema ardhi ilikuwa ya umma na ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kwa hiyo kudai kununua kwa nia njema hakukumsaidia. Funzo la kazi: usiishie kwa jina la leo. Mwambie wakili afuate historia ya hati mpaka kwa mgao wa kwanza, aone barua ya mgao, ramani iliyoidhinishwa na kama ploti ilitengwa kuwa barabara, njia ya ufuoni, shule au uwanja. Ploti inayokaa peke yake kati ya barabara na bahari, wakati majirani wote wameacha njia, ianze kukutia shaka.

Asiye raia anayetaka safu ya kwanza au ya pili kutoka baharini anahitaji kibali maalumu cha serikali, na hata akipata, umiliki wake hauzidi ukodishaji wa miaka 99.

Simama na uite wakili wa ardhi, si dalali, ukikuta mambo haya: watu zaidi ya familia moja wanaishi pale, hati mbili kwa ploti moja, au ploti inayogusa ufuo au barabara kuu.

Nimemaliza kulipa, hati haitoki

Kwa kawaida mkataba hutoa siku 90 za kukamilisha, na amana ya asilimia 10 hukaa kwa wakili. Siku zikipita bila hati, uliza maswali haya kwa mpangilio huu:

1. Vibali vya kutodaiwa vimetoka? Cha kodi ya kaunti, na kwa ardhi ya kukodishwa na serikali, cha kodi ya ardhi ya serikali pia. Kukwama kwingi kunaanzia hapa.
2. Hati mama imegawanywa? Ukinunua ploti ndani ya shamba kubwa, ramani ya mgawanyo lazima isajiliwe ndipo hati ndogo zitoke. Toa sachi ya hati mama yenyewe. Ikiwa bado ni moja, hakuna hati yako popote, hata uonyeshwe ramani ya rangi iliyo ukutani.
3. Kuna rehani ya benki juu ya hati mama? Unataka barua ya benki kwamba itaachia ploti yako ikilipwa kiasi fulani.
4. Ushuru wa stempu umelipwa? Mjini ni asilimia 4, shambani asilimia 2, na huhesabiwa kwa thamani ya mthamini wa serikali ikiwa iko juu ya bei yenu. Watu wengi huandika bei ndogo kwenye mkataba ili wapunguze ushuru. Mthamini anawarudisha, na ukija kuuza, kodi ya faida ya mtaji ya asilimia 15 inahesabiwa kutoka kwenye ile bei ndogo uliyoandika mwenyewe.
5. Idhini ya bodi ya ardhi, kwa ardhi ya kilimo Kilifi na Kwale. Maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba.
6. Faili halionekani. Hutokea, hasa kwa hati za zamani zenye namba ya CR (ya usajili wa ardhi wa Pwani, si ile CR12 ya kampuni). Wakili aandike barua, asiende kwa mdomo tu.

Wakati mnasubiri, mwombe wakili aweke kaveti kwa jina lako. Ni kazi ndogo na inazuia ploti hiyo hiyo kuuzwa kwa mwingine. Muuzaji akiacha kupokea simu, wakili wako aandike madai rasmi, na kama kuna dalili ya hati ya kughushi, peleka ripoti kwa wapelelezi wa DCI siku hiyo hiyo, si baada ya kumpa "wiki moja ya mwisho".

Nyumba niliyonunua kwenye ramani kabla haijajengwa, ujenzi umesimama

Kisababishi cha kwanza ni pesa: mjenzi anategemea malipo ya wanunuzi wapya kumalizia jengo, na wanunuzi wamepungua. Cha pili ni vibali: jengo limezidi ghorofa zilizoidhinishwa, au halijasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Cha tatu ni ugomvi kati ya mjenzi na mwenye ardhi wanaogawana nyumba.

Pita pale bila kutoa taarifa, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Mafundi ni wangapi? Simiti imeletwa lini? Nondo zilizoachwa wazi zimekuwa nyekundu? Soma bango la ujenzi: liwe na majina ya mkandarasi, mhandisi na mchoraji wa ramani za jengo, na namba za usajili. Kisha linganisha ghorofa unazoziona na zilizo kwenye idhini ya kaunti.

Malipo yafuate hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi wako au mpimaji wa gharama, si tarehe za kalenda. Na uliza mapema kuhusu hati: chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, kila nyumba hupata hati yake baada ya ramani ya sehemu kusajiliwa. Mjenzi asiyeweza kukueleza ramani hiyo imefika wapi hajaanza kuishughulikia.

Mpangaji halipi

Mara nyingi kisababishi ni cha msimu. Kazi za hoteli na utalii hulegea kati ya Aprili na Juni mvua zikinyesha, na mpangaji mwenye mkataba wa msimu hoteli ya Shanzu au Bamburi hana mshahara. Huyo anaongeka: mpango wa kulipa kidogo kidogo, kwa maandishi. Wa pili ni mpangaji aliyegoma kwa sababu hana maji au choo kimefurika, na mara nyingi ana haki. Wa tatu ni mzoefu, ambaye ungemjua mapema kama ungepiga simu kwa mwenye nyumba wake wa kabla, si wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifu ili amwondoe.

Usifunge mlango kwa kufuli jingine, usitoe mabati, usikate stima wala maji. Kesi uliyokuwa ushinde utaishindwa kwa hayo. Njia ni notisi ya maandishi, kisha dalali wa mnada mwenye leseni kwa ajili ya kukamata mali ya mpangaji kufidia kodi, au mahakama. Nyumba ya kuishi yenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Baraza la Kodi za Nyumba, na huwezi kumtoa mtu bila amri yake.

Maduka ndiyo yanayowashangaza wengi. Ukimpangisha mtu duka Kongowea bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, sheria inamlinda kama mpangaji wa biashara: huwezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila notisi ya miezi 2 kwa fomu iliyowekwa, na akipinga suala linakwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara. Hapo kodi yako ya zamani inaweza kubaki vile vile muda mrefu. Mkataba wa miaka 5 na mwezi 1, ulioandikwa na wakili, usio na kifungu cha kuuvunja katikati, unakuweka nje ya ulinzi huo.

Wapangaji wanakuja, hawakai

Asilimia kubwa ya majibu ni maji. Mombasa haina chanzo chake cha kutosha. Maji ya mfereji hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na visima vya Tiwi, na hufika kwa zamu. Hesabu kabla ya kununua. Watu 4 kwa lita 50 kila mmoja ni lita 200 kwa nyumba kwa siku. Nyumba 12 ni lita 2,400. Kukaa siku 4 bila mfereji unahitaji karibu lita 10,000 kwenye matangi. Jengo lenye tangi moja la lita 5,000 na nyumba 12 litakuwa likinunua maji ya bowza (lori la maji), na gharama hiyo itaishia kwako au kwa mpangaji anayehama.

Kisima cha maji ya chumvi kinafaa kwa choo na kusafisha, lakini kiwe na bomba zake peke yake. Ukichanganya, maji ya chumvi yanakula hita za kuogea na mifereji ya chuma. Karibu na bahari, kisima kikivutwa kupita kiasi huongezeka chumvi mwaka hadi mwaka. Kipime upya kila baada ya kiangazi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mji haina mfumo wa maji taka, jua shimo la choo liko wapi: umbali wa mita 30 kutoka kisimani ndio wa kuanzia, na kwenye matumbawe yenye mianya hata huo hautoshi kila mara.

Visababishi vingine ni deni la stima la mpangaji aliyepita kwenye mita, kelele, na chumba cha magharibi kisichopitisha upepo wa kusi wala kaskazi. Hicho cha mwisho hakina dawa ya bei nafuu.

Ukuta unatoa unga mweupe, dari inamwaga plasta

Hapa kuna magonjwa mawili tofauti na watu huyapa dawa moja ya rangi.

Unga mweupe na plasta inayobambuka chini, hadi kimo cha mita moja, ni unyevu unaopanda ukibeba chumvi. Visababishi kwa mpangilio: hakuna kizuizi cha unyevu juu ya msingi, mchanga wa bahari au maji ya kisima cha chumvi yalitumika kujengea, udongo au sakafu ya nje imepandishwa juu ya kizuizi, bomba linavuja ndani. Kipimo rahisi: bandika nailoni nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa gundi, uache saa 48. Matone upande wa ukuta, unyevu uko ndani. Matone upande wako, ni hewa ya chumba, fungua madirisha.

Tiba: shusha udongo wa nje angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Bambua plasta sentimita 50 juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Uache ukuta wazi kiangazi kizima ukipigwa brashi kavu kila wiki. Usiuoshe, maji yanarudisha chumvi ndani. Kisha piga dawa ya kuzuia unyevu kwenye matundu ya sentimita 10 hadi 12 kutoka moja hadi jingine, ndipo upige plasta upya. Fundi anayetaka kupiga plasta wiki ile ile anakupangia kazi ya mwakani.

Nyumba za Mji wa Kale ni habari nyingine. Zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na zinapumua. Ukizipiga simiti, unyevu unafungiwa ndani, jiwe linageuka unga na vichwa vya boriti vinaoza mahali usipoviona. Rudisha chokaa. Na kwa kuwa eneo hilo limehifadhiwa kisheria tangu 1990, usiguse mlango wa kuchonga, roshani wala uso wa nyumba bila kupita kwa ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale.

Ugonjwa wa pili ni kutu ya nondo. Dalili ni nyufa zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya kahawia, kisha vipande vya zege vinavyoanguka kutoka chini ya slabu au baraza. Chumvi ya bahari imefika kwenye chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na hupasua zege kwa ndani. Chanzo kikubwa ni zege jembamba juu ya nondo, sentimita 1 au 2 mahali palipohitaji 4 au zaidi karibu na bahari.

Gonga dari yote kwa nyundo ndogo, uweke alama ya chaki kila panaposikika patupu. Eneo huwa kubwa kuliko doa unaloliona. Matengenezo ya kweli huvunja zege mpaka nyuma ya nondo kama sentimita 2, husugua chuma mpaka king'are pande zote, huongeza nondo mpya iliyopishana na ya zamani mara 40 ya unene wake palipoliwa zaidi ya robo, hupaka dawa ya kutu, hujaza mchanganyiko maalumu wa kutengeneza zege, na humwagilia maji ya mfereji yasiyo na chumvi siku 7. Kiraka cha simiti tupu juu ya chuma chenye kutu hudumu mvua moja au mbili, kisha kutu hutokeza pembeni yake.

Simama, toa watu chini yake, weka propu za chuma na umwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa ukiona: ufa kwenye nguzo, ufa wa mshazari unaoingia kidole kutoka kona ya dirisha, milango iliyoanza kugoma kufunga kwa pamoja, au nondo kuu ya boriti iliyokatika. Fundi wa plasta hana kazi hapo.

Kodi inaingia kila mwezi, faida haionekani

Wizi wa ajenti ni kisababishi cha mwisho, si cha kwanza. Cha kwanza ni hesabu ya kununulia iliyopigwa kwa kodi ghafi. Chukua mfano wa nyumba ya milioni 8 inayopangishwa kwa 45,000. Kwa mwaka ni 540,000, unaambiwa asilimia 6.75. Toa mwezi mmoja mtupu, unabaki na 495,000. Kodi ya mapato ya upangishaji ni asilimia 7.5 ya kodi ghafi tangu Januari 2024, kwa wanaopokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka: 37,125, na huruhusiwi kutoa gharama. Ada ya huduma za jengo 6,000 kwa mwezi ni 72,000. Ajenti asilimia 7, 34,650. Matengenezo 40,000, ambayo kwa chumvi ya Mombasa si mengi. Unabaki na 311,225, chini kidogo ya asilimia 3.9, kabla ya kodi ya kaunti. Iweke kando ya hati fungani za serikali uone.

Fomu ya KRA (mamlaka ya kodi) ipelekwe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata mwezi ambao nyumba ilikuwa tupu. Ada ya huduma ikipanda kila mwaka, dai hesabu zilizokaguliwa za kampuni ya usimamizi. Wewe ni mwanachama, si mgeni. Na kwa nyumba za wageni wa siku chache Nyali au Bamburi, usipige hesabu kwa bei ya Desemba. Piga kwa Mei.